Barua pepe inayosema umelipwa: mwongozo kwa wenye nyumba za wageni, mashua na karakana Lamu

Biashara nyingi za Lamu hufungwa na mtu ambaye bado hajaonekana. Familia iliyoko Milan au Nairobi hutaka nyumba ya Shela kwa mapumziko ya Desemba, mteja wa Ujerumani huagiza mlango wa kuchongwa, na kikundi cha wageni hukodi mashua ya siku tatu kabla hata hakijakata tiketi ya ndege ya kutua Manda. Arubuni hutumwa kwa PayPal, kwa Wise, kwa Western Union, kwa benki au kupitia Booking.com, na habari ya arubuni hiyo hufika kwa barua pepe. Tapeli hujipenyeza papo hapo, kati ya habari na fedha zenyewe.

Mafunzo mengi ya usalama wa mtandaoni husisitiza kwamba mtu asitoe nenosiri lake. Hilo ni sahihi, lakini kwa mfanyabiashara halitoshi, kwa sababu zipo barua za ulaghai ambazo hazikuulizi nenosiri hata kidogo. Hukupa habari njema kwamba umelipwa, kisha hukuacha ufanye mwenyewe lililobaki: ukabidhi mali, uwakatalie wageni wengine tarehe hizo, au urudishe “ziada” kutoka katika fedha zako halali. Mwongozo huu unazihusu aina zote mbili, na kila hatua iliyomo inasimama juu ya kanuni moja, kwamba barua pepe huleta habari ya malipo tu, na malipo yenyewe huthibitishwa ndani ya akaunti.

Hatua ya kwanza: Tazama barua inataka ufanye nini

Kabla ya kubonyeza chochote, isome barua mpaka mwisho na utafute kitenzi chake. Zamani watu walifundishwa kutafuta makosa ya sarufi na tahajia, na ushauri huo ulifaa kwa wakati wake. Leo programu za kompyuta humwandikia tapeli barua iliyonyooka kwa Kiingereza, Kiitaliano au Kiswahili, na nembo ya kampuni hunakiliwa kwa dakika moja. Uzuri wa barua hauthibitishi lolote. Jambo ambalo tapeli hawezi kulificha ni ombi lake, kwa maana bila ombi hapati kitu.

Maombi yenyewe si mengi. Utaambiwa uingie katika akaunti yako kwa kiungo kilichomo ndani ya barua, mara nyingi kwa tishio kwamba akaunti itafungwa baada ya saa 24. Utaambiwa ufungue kiambatisho ili uone risiti. Utaambiwa upige simu kwa nambari fulani ili kupinga malipo ambayo hukuyafanya. Utaambiwa ulipe ada ndogo ili fedha kubwa zifunguliwe. Na utaambiwa urudishe ziada, ombi ambalo linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndilo linalowafaa zaidi matapeli wanaowawinda wenye nyumba.

Tuchukue mfano. Mtu anaandika kwa adabu kwamba familia yake ya watu wanane inataka nyumba kwa wiki mbili, na mnakubaliana arubuni ya shilingi 60,000. Siku ya pili inafika barua yenye nembo ya PayPal ikisema umetumiwa shilingi 150,000. Mgeni anaandika tena, akieleza kwamba zile 90,000 zilizozidi ni za wakala atakayeshughulikia safari yao kutoka Mombasa, kwamba wakala huyo hana PayPal, na kwamba itakuwa ihsani kubwa ukimtumia kwa M-Pesa leo hii. Baada ya saa chache inaingia barua ya tatu, ambayo inadai kutoka PayPal, ikisema fedha zako zimeshikiliwa na zitaachiliwa mara tu utakapotuma ushahidi kwamba wakala amelipwa. Katika hadithi nzima hakuna senti iliyosogea isipokuwa ile utakayoitoa wewe.

Ni vyema kujua kwamba PayPal kweli inaweza kuyashikilia malipo ya muuzaji mpya kwa muda, hata kufikia siku 21, na matapeli huutumia ukweli huo kuipamba hadithi yao. Tofauti ni kwamba malipo halisi yaliyoshikiliwa huonekana ndani ya akaunti yako, pamoja na kiasi chake na hali yake, na kampuni haikuamuru umlipe mtu wa tatu ili iyaachilie. Hali kadhalika, hakuna huduma halali ya malipo inayomtaka mpokeaji atume kwanza fedha kwa mtu mwingine ndipo apate haki yake.

Hatua ya pili: Isome anwani, na uisome kutoka mwisho

Jina linaloonekana juu ya barua huandikwa na mtumaji mwenyewe, naye anaweza kuandika “PayPal”, “Malipo ya Booking” au jina la benki yako bila kizuizi chochote. Kwenye simu, gusa jina hilo ili anwani kamili ijitokeze. Ikiwa huduma kubwa ya malipo imekuandikia kutoka anwani ya bure inayoishia na gmail.com au outlook.com, shauri limekwisha. Angalia pia anwani ambayo jibu lako litaelekea, kwa kuwa wakati mwingine barua hutoka anwani moja na jibu likapelekwa nyingine kabisa.

Viungo vina hila zaidi. Kwenye simu, kishikilie kiungo kwa kidole bila kukiachia mpaka anwani yake itokee, na kwenye kompyuta, weka kishale juu yake bila kubonyeza. Kisha tafuta mkwaju (/) wa kwanza unaofuata baada ya maandishi ya https:// na urudi nyuma kuelekea kushoto. Sehemu mbili za mwisho kabla ya mkwaju huo, zilizotenganishwa na nukta, ndizo zinazomtaja mwenye tovuti. Kwa anwani za Kenya zinazoishia na .co.ke au .go.ke, hesabu sehemu tatu. Kwa hiyo paypal.com/ ni PayPal, lakini paypal.com.thibitisha-malipo.net/ ni mali ya yeyote aliyesajili jina la thibitisha-malipo.net, na yale maneno ya mwanzo yamewekwa kama pambo tu. Chunguza pia herufi zinazofanana, kama vile tarakimu 1 iliyoketi mahali pa herufi l, au r na n zilizobanana zikaonekana kama m. Alama ya kufuli kwenye kivinjari isikutulize, kwani huonyesha tu kwamba mawasiliano kati yako na tovuti hiyo yamefichwa kwa wengine, na tovuti ya tapeli nayo hupata cheti cha kufuli bila malipo.

Mwenye kompyuta na subira anaweza kwenda mbele kidogo. Katika Gmail, fungua menyu ya nukta tatu iliyo kando ya barua na uchague kuonyesha barua ya asili. Juu ya ukurasa utaona mistari ya SPF, DKIM na DMARC, ambayo ni vipimo vinavyouliza kama barua ilitumwa kweli kwa idhini ya mwenye jina la tovuti linaloonekana. Neno FAIL kwenye barua inayodai kutoka huduma ya malipo linatosha kukusimamisha. Neno PASS, kwa upande wake, lisikufanye ulale, kwa sababu linathibitisha asili ya barua na halisemi lolote kuhusu nia ya mtu. Tapeli aliyesajili tovuti yake mwenyewe hufaulu vipimo vyote vitatu.

Tena ipo hila ambayo anwani haiwezi kuifichua kabisa. Mtu yeyote mwenye akaunti ya PayPal anaweza kukutumia ankara au ombi la malipo, na barua ya kukujulisha hutoka kwa PayPal yenyewe, ikiwa na anwani sahihi na viungo sahihi. Tapeli hutumia sehemu ya maelezo ya ankara kuandika kwamba umetozwa mamia ya dola, na kwamba kama hukuidhinisha upige simu haraka kwa nambari iliyotajwa. Atakayepokea simu ni yeye, na mazungumzo hayachukui muda kabla hujaambiwa uweke programu ya kuiendesha simu au kompyuta yako kutoka mbali, kama AnyDesk. Ankara ya namna hiyo haikuondolei fedha kwa kufika tu. Usiilipe, usipige nambari hiyo, na uikatae ukiwa ndani ya akaunti.

Kuhusu salamu, PayPal huwaandikia wateja kwa jina lao au la biashara yao, kwa hivyo barua inayoanza na “Ndugu Mteja” inatia shaka. Kinyume chake hakifuati: jina lako na la nyumba yako vimo kwenye matangazo yako, na tapeli anajua kusoma.

Hatua ya tatu: Ingia mwenyewe, kwa njia yako

Hii ndiyo hatua inayokata mzizi wa fitina, na mwenye haraka anaweza kuziruka mbili zilizotangulia akaishika hii peke yake. Katika nyumba zetu za mawe mgeni asiyejulikana hupokewa dakani, yaani kibarazani mwa mlango, na shughuli yake humalizwa hapo bila ya yeye kufika ndani. Barua pepe nayo inastahili kupokewa hivyo hivyo. Iache ilipo, funga kikasha, kisha fungua programu ya huduma husika kwenye simu yako au andika anwani yake kwa mkono wako katika kivinjari, na utazame orodha ya miamala. Kama malipo yapo, utayaona. Kama hayapo, barua ilikuwa karatasi tupu, hata ingebeba mihuri kumi.

Kwa M-Pesa, tazama salio lako kwa *334# au kwa programu yake. Ujumbe ambao mgeni amekutumia kwa WhatsApp, au picha ya skrini yake, si ushahidi wa malipo, na ujumbe wa kweli wa M-Pesa haufiki kutoka nambari ya simu ya kawaida. Kwa malipo ya benki kutoka ng’ambo, wageni hutuma nakala ya hati ya SWIFT iitwayo MT103. Ikiwa halisi, hati hiyo huonyesha kwamba agizo la malipo limetolewa. Lakini hati ya PDF hughushiwa kwa urahisi, na hata iliyo halisi haimaanishi kwamba fedha zimekwisha kufika. Ngoja benki yako iseme kwamba zimeingia na unaweza kuzitoa.

Wanaopokea wageni kupitia Booking.com au Airbnb wana jambo la ziada la kuangalia. Barua huja ikisema kwamba mgeni amelalamika kuhusu kunguni, au kwamba malipo yako yamezuiwa hadi uthibitishe akaunti, na ndani yake kuna kiungo cha kuingilia. Machi 2025 kampuni ya Microsoft ilieleza kampeni iliyoanza Desemba 2024, ambayo barua zake zilijifanya za Booking.com na kuwalenga watumishi wa hoteli katika mabara kadhaa. Aliyebonyeza kiungo alikutana na ukurasa wa kuthibitisha kwamba yeye si roboti, ukamwelekeza abonyeze vitufe kadhaa vya kompyuta ya Windows, abandike maandishi yaliyonakiliwa kisirisiri, kisha abonyeze Enter. Kwa kufanya hivyo aliiamuru kompyuta yake mwenyewe ipakue programu ya kuiba manenosiri. Ukurasa wowote unaokutaka ubandike maandishi nje ya kivinjari ili uthibitishe ubinadamu wako, ufunge mara moja.

Uzito wa wizi wa namna hii hauishii kwako. Mwizi aliyeishika akaunti yako huona majina ya wageni wako, tarehe zao na kiasi walichokubali kulipa, halafu huwaandikia kwa jina la nyumba yako kwamba kadi yao imekataliwa na walipe upya kwa kiungo kipya. Mgeni anashuka Manda akiwa na risiti mkononi, na fedha zake ziko kwa mwizi. Nani atabeba hasara hiyo ni mjadala usiopendeza kuufanya gatini, mizigo ikiwa bado imo ndani ya boti.

Hatua ya nne: Weka utaratibu nyumbani kabla ya msimu

Katika nyumba nyingi barua pepe husomwa na kijana wa mapokezi au na mpwa aliyeachiwa simu, ilhali mwenye nyumba yuko kwenye shughuli nyingine. Hapo ndipo pengo lilipo, hasa siku za Maulidi ya Mfungo Sita, za Tamasha la Utamaduni mwezi wa Novemba na za mwisho wa mwaka, ambapo maombi hufika kwa wingi na kila mtu ana haraka. Kubalianeni mapema kwamba hakuna fedha itakayorudishwa kwa mgeni wala kutumwa kwa wakala wa mgeni mpaka aliyepewa dhamana ya akaunti aione ndani ya akaunti yenyewe, na kwamba fedha ikirudishwa, itarudi kwa njia ile ile iliyokuja. Sharti hili la pili ni dogo, lakini ndilo linaloua mchezo wa ziada moja kwa moja.

Mgeni naye aambiwe bila kumwonea haya: “Tunakushukuru kwa kuichagua nyumba yetu. Tutakuandikia kuthibitisha tarehe zako mara arubuni itakapoonekana katika akaunti yetu.” Mgeni wa kweli haoni ubaya wowote. Anayekasirika, anayesema ana msiba, au anayekataa kupiga simu ya video hata kwa dakika mbili amekwisha kukujibu.

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe yako na kwenye kila huduma ya malipo. Nenosiri la barua pepe lisitumike mahali pengine popote, kwa kuwa anayeishika barua pepe yako anaweza kuagiza manenosiri mapya ya akaunti nyingine zote. Msimbo unaotumwa kwa simu yako usimsomee mtu, hata akijitambulisha kuwa wa idara ya usalama.

Hatua ya tano: Ripoti, kisha ufute

Barua inayojifanya ya PayPal ipelekwe yote kwa phishing@paypal.com, bila kubadilishwa kichwa chake, kisha tumia amri ya kuripoti ulaghai iliyomo katika Gmail. Ujumbe wa simu wa ulaghai unaowafikia wateja wa Safaricom hupelekwa kwa 333 bila malipo. Kituo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya mtandaoni, KE-CIRT/CC, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, nacho hupokea taarifa za wananchi. Usimjibu tapeli kwa matusi. Najua matusi yana ladha yake, lakini jibu lolote humwambia kwamba anwani yako ina mtu nyuma yake.

Hatua ya sita: Ikiwa umekwisha kubonyeza

Kuifungua barua na kuisoma, kwa kawaida, hakuleti madhara makubwa. Hatari hutegemea ulichofanya baadaye, na katika jambo hili mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko wingi wake.

Ikiwa uliandika nenosiri, tumia kifaa kingine kulibadilisha, ukianza na barua pepe na ndipo uende kwenye huduma za malipo. Amuru vifaa vyote vingine vitolewe katika akaunti. Kisha ingia kwenye mipangilio ya barua pepe na ukague kama kuna sheria ya kupeleka nakala za barua zako kwa anwani usiyoijua, au kichujio kinachoficha barua za benki, pamoja na nambari ya simu ya kurejeshea akaunti. Watu wengi hubadilisha nenosiri wakaridhika, huku mwizi akiendelea kusoma barua zao kupitia nakala hizo.

Ikiwa ulitoa nambari za kadi, ipigie benki kwa nambari iliyo nyuma ya kadi yenyewe na uombe ifungwe. Ikiwa ulituma fedha kwa M-Pesa, peleka ujumbe wa muamala huo kwa 456 mara moja ili kuomba urejeshwe. Dakika zina thamani hapa, kwani fedha iliyokwisha kutolewa kwa wakala ni vigumu kuipata. Fedha za Western Union zinaweza kusimamishwa kabla hazijachukuliwa na mpokeaji, kwa hivyo nenda kwa wakala na risiti bila kungoja kesho. Ikiwa uliweka programu au ulifungua faili lenye jina kama risiti.pdf.exe, ondoa kifaa hicho kwenye intaneti na ukipeleke kwa fundi kabla ya kuingia tena katika akaunti yoyote.

Piga ripoti kituo cha polisi na upate nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kwa maana benki inaweza kuidai. Nenda na barua yenyewe, nambari za miamala na mazungumzo yote, bila kufuta hata ujumbe mmoja. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, katika kifungu cha 30 kama ilivyopitishwa, iliweka kwa kosa la kuwahadaa watu kwa ujumbe au tovuti ya ulaghai faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Jihadhari vilevile na watakaokutafuta baadaye wakidai kuwa ni mawakili au wataalamu wa kurejesha fedha zilizoibwa, na kwamba wanahitaji ada kidogo ya kuanzia kazi. Mara nyingi ni kundi lile lile, au limeuziwa jina lako.

Mwisho, ikiwa akaunti iliyoingiliwa ni ya kupokelea wageni, wajulishe wote wenye nafasi, ukianza na wanaofika karibuni, na uwapigie simu au uwaandikie nje ya akaunti hiyo. Ujumbe uwe mfupi: “Akaunti yetu ya kupokelea wageni iliingiliwa na mtu asiyehusika. Tafadhali usilipe chochote kupitia kiungo ulichotumiwa kwa jina letu, na kama umekwisha kulipa, iarifu benki yako leo. Nafasi yako ipo kama tulivyokubaliana.”